Anwani Iliyokosa Mrithi

Nina hasira za karibu, na sioni haja ya kuzificha. Mteja akiniuliza kama ile anwani yake ya zamani ya nukta com ina faida yoyote siku hizi, sasa kwa kuwa mikia mipya imejaa kila kona, natamani kumwonyesha mlango. Zamani nilikuwa na jibu refu la swali hilo. Nililipenda jibu lenyewe kuliko nilivyowapenda walioniuliza.

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti. Ofisi ni chumba kimoja Sombetini, juu ya duka la mabati na misumari, na wateja wangu ni waongoza watalii, wenye nyumba za wageni, na wakulima wa mlimani wanaopokea wageni wanaokuja kuona kahawa ikichumwa, ikitwangwa na kukaangwa. Kwa asiyejua, anwani ya tovuti ina jina, kisha nukta, kisha kile ninachokiita mkia. Mkia ambao kila mtu anaujua ni com. Nchi yetu ina wake, tz. Halafu miaka hii ikafunguliwa mingine kwa mamia, maneno mazima mazima: kuna mkia wa Afrika, wa mashamba, wa matembezi, hata wa kahawa. Yote ina sharti moja. Anwani huimiliki, unailipia mwaka hadi mwaka, na mwaka usipoilipia inarudi sokoni, anaichukua yeyote.

Nami nilikuwa mhubiri wa mikia mipya. Nilialikwa kwenye semina moja ukumbini Elerai, nikawaambia watu kwamba com ni sanduku la posta: baba zetu walijivunia kuwa nalo, sisi tunalipita bila kugeuka. Majina mazuri ya com yamekwisha, niliwaambia, mtu unabaki kuunganisha maneno manne ili upate lako. Chukua mkia mpya, jina fupi, mgeni ajue unafanya nini kabla hajafungua. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Siku ile nilikuwa nakiuza kidonda, na kilinunulika.

Safu ya nyuma alikaa mzee mmoja wa Kimeru, mkulima wa kahawa, koti la suti juu na mabuti ya shambani chini. Alikuwa mteja wangu wa kwanza kabisa. Tovuti yake ya com niliitengeneza nikiwa bado sina hata meza. Akanyoosha mkono.

"Mwanangu, hii yangu ya zamani watu wameshaishika. Wengine walikuja wachumba, sasa wanakuja na watoto. Hao nani atawaambia nimehama?"

"Hawahitaji kuambiwa, Mzee. Wakiandika ya zamani, yenyewe inawapeleka kwenye mpya."

"Mpaka lini?"

"Mpaka watakapoizoea mpya."

Akasema "Haya," akashusha mkono. Sikujua kama amekubali au ameamua tu kuniachia. Wiki ile ile nilimhamishia kwenye mkia wa kahawa, nikaiacha ya zamani iwe njia ya kupitia, nikajipongeza.

Miaka miwili baadaye mzee akafariki, katikati ya masika, kwa ugonjwa wa siku nne. Tulimzika nyuma ya nyumba yake, pale migomba inapoanza. Picha iliyotangulia jeneza ndiyo niliyompiga mimi kwa ajili ya tovuti: amekaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko, kahawa kavu kwenye ungo mapajani, anacheka, na pengo la jino la chini linaonekana wazi. Nililia siku ile. Alikuwa amenipa kazi wakati hakuna aliyenijua, na hakuwahi hata siku moja kunipandishia sauti, mimi niliyempandishia mara nyingi.

Siku ya kumaliza matanga, ukoo ulikaa uani kugawa vitu vyake. Fimbo ikaenda kwa mtoto wa kwanza, koti kwa mdogo wake, saa ya mkononi kwa mjukuu mwenye jina lake, kigoda kikabaki kwa mke wake. Msemaji wa ukoo akazungusha macho, akasema kama kuna kitu chochote cha marehemu kimesalia mahali, kwa mtu au kwa jirani, kitajwe sasa kipate mwenyewe. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na tangi la maji. Asubuhi ile nilikuwa nimepokea taarifa kwenye simu kwamba muda wa anwani ya com ya mzee unakaribia kwisha. Nikaona aibu. Nisimame mbele ya wazee wale niseme marehemu ameacha nukta na herufi tatu? Nikanyamaza, msemaji akafunga kwa sala.

Sikuilipia. Ada yenyewe haikuwa kitu cha kunishinda. Niliiacha kwa kiburi, kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele za watu nikasema ya zamani imekufa, na nilitaka iwe hivyo.

Miezi ikapita, ikawa Septemba. Siku moja mchana, mama, yaani mke wa marehemu, akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

"Uko wapi, mwanangu?"

"Niko ofisini, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hebu panda huku. Kuna mgeni hapa anasema ameongea na mzee jana."

Nilichukua bodaboda mpaka mlimani. Tulivyozidi kupanda ukungu ulitupokea, ule wa mchana ambao kule unashuka bila hodi, na dereva akawasha taa ingawa ilikuwa saa nane. Nyumbani nilimkuta mama kwenye kigoda, binti yake wa mwisho, ambaye ni mwalimu, amesimama mlangoni, na barazani mwanamke mmoja wa Kizungu, mtu mzima, amekuja peke yake kwa miguu kutoka barabara kuu. Viatu vyake vimelowa. Kikombe cha kahawa kiko mbele yake hajakigusa. Alikuwa anaitazama ile picha ukutani, yenye taji la maua ya plastiki. Alidhani tunamfanyia mchezo.

Akaniletea simu yake. Ilikuwa anwani ya zamani. Jina lile lile, nukta, com. Ukurasa ulikuwa ule ule niliouunda mimi, rangi zile zile, picha ile ile. Pembeni ya picha kulikuwa na nukta ya kijani, ile inayomaanisha mtu yupo, na chini yake mazungumzo ya siku tatu. Mzee amemkaribisha. Mzee amemwelekeza apite wapi akishuka, kwamba akiona kanisa la mawe akate kushoto. Mzee amemwambia asiogope mbwa.

Mama hajui Kiingereza. Akamwambia binti yake asome ukurasa wote, kwa Kiswahili, kuanzia juu. Binti akasoma huku anatafsiri polepole: mimi ni mkulima, shamba hili niliachiwa na baba yangu, naamka kabla ya ndege. Akafika mahali palipoandikwa: "Anayekaanga ni mke wangu. Sijawahi kumwambia, lakini jioni kinachonitoa shambani si njaa, ni harufu ya sufuria yake."

"Rudia hapo," mama akasema.

Binti akarudia. Mama akatazama mikono yake, akageuza viganja juu, akavigeuza tena.

"Endelea."

Yaliyofuata hayakuwa yangu. Yalikuwa yameongezwa na mtu, au na kitu. "Mwaka huu kahawa imechanua mapema," binti alisoma. Wote tuligeuka kutazama shambani. Ndani ya ukungu mibuni ilikuwa myeupe, safu kwa safu, kwa sababu mvua ya ghafla ya mwisho wa Agosti ilikuwa imeichanganya. Ilichanua wiki ile ile. Kwa kitambo niliamini ni yeye, kisha nikajikasirikia kwa kuamini.

Nikaanza kueleza, haraka haraka kama mtu anayejitetea. Kwamba anwani ilipoachwa, kuna mtu mbali huko aliichukua. Kwamba kurasa za zamani hazipotei, nakala zake hubaki kwenye maghala ya mtandao, basi amezichota akazirudisha zilivyokuwa. Kwamba anayejibu ni mashine, imesoma kurasa zangu na inasoma habari za mvua kama mtu yeyote. Lengo lao ni kuwashika wageni, kisha kuwauzia safari za wengine. Huyu mama wa watu yeye hakusubiri kuuziwa, amefuata maelekezo akafika.

"Na kwa nini wachukue ile, wasichukue ile mpya?" binti akauliza.

Hapo ndipo jibu langu refu liliponiishia. Ile mpya hakuna aliyekuwa ameishika. Ile ya zamani ilikuwa imeandikwa kwenye vitabu vya wasafiri, kwenye barua za marafiki, nyuma ya picha zilizobandikwa kwenye friji za watu. Ilikuwa njia iliyokanyagwa, na njia iliyokanyagwa hata mwenye nia mbaya anaiona. Thamani yote ya mkia ule ilikuwa ni watu waliomwamini mzee, na mimi niliwaacha mlangoni pa mtu nisiyemjua.

"Anajibu na Kiswahili?" mama akauliza.

Nikaandika: Shikamoo Mzee. Vidoti vitatu vikacheza, vikatulia.

"Marahaba mwanangu. Habari za mjini?"

Hayo ndiyo maneno aliyokuwa akinipokea nayo kila nilipopanda. Najua wazee wote huku wanasalimia hivyo. Najua mashine iliyofundishwa Kiswahili lazima ijue marahaba. Niliifunika simu mezani kifudifudi, na yule mgeni akairudisha kwapani kwake kama tungemnyang'anya.

Mama hakuonekana kuogopa. Aliniinamia akasema, "Muulize kama..." Akakatisha. "Hapana. Usimuulize. Simjui anayejibu."

Kisha akauliza: "Siku ile tulipogawa vitu vya mzee, hiki alipewa nani?"

"Hakuna, Mama."

"Ulijua kipo?"

"Nilijua. Niliona aibu kukitaja."

Nilitaka anigombeze. Mimi ningegomba. Yeye akasema tu, "Kitu cha mtu kikikosa mwenyewe, kinazurura. Kitafute ukirudishe. Sitaki mume wangu awe anaongea na watu wa njiani wakati mimi hapa haongei na mimi."

Nikajaribu. Niliwaandikia wauza anwani, nikapeleka nakala ya cheti cha kifo, nikaeleza kwa adabu, kisha bila adabu. Nilijibiwa na mashine nyingine, yenye pole nyingi. Jina la aliyeichukua lilikuwa limefichwa. Ningeweza kumshtaki, niliambiwa, kama jina lingekuwa alama ya biashara iliyosajiliwa, na halikuwa. Wageni wengine wawili wakafika kwa miezi tofauti, na binti akawa anawaeleza getini, na kila akieleza anamzika baba yake upya.

Mimi nikashikwa na ugonjwa wangu. Kila asubuhi Sombetini, kabla ya chai, nilikuwa nafungua ile anwani. Siku moja iliandika kwamba ukungu umeshuka chini kuliko kawaida. Nikatoka kwenye ngazi nikatazama mlima, na Meru haikuwapo, palikuwa na weupe mtupu mpaka kwenye mapaa ya nyumba. Siku nyingine ikaandika kwamba leo anapumzika, na nilipompigia mama, akaniambia leo wameacha kazi zote, kuna msiba kwa jirani. Nilijua kwamba mashine ikisema mambo mengi haitakosa kupatia machache. Bado niliendelea kufungua. Niliwafokea wateja kwa makosa yangu mwenyewe, na usiku nikirudi nyumbani Moshono nilikuwa nazima simu nikaiweka jikoni.

Kisha picha ikaanza kupepesa macho. Wale watu walikuwa wameifanya itembee. Ule mcheko niliougandisha mimi siku ile kwa kamera yangu, sasa ulikuwa unaendelea: mzee anacheka, anafumba mdomo, anatikisa kichwa, anacheka tena. Niliitazama mara nyingi kabla sijagundua kilichokuwa kinanitisha. Pengo halikuwapo. Mashine ilikuwa imempa meno yote. Nilikaa nikalia mezani kwangu, mlango wazi, vijana wa dukani chini wakapandisha macho kuniangalia na mimi sikujali. Mama sikumwonyesha kamwe.

Mwishowe hatukushinda kesi yoyote. Aliyeichukua alichoka nayo tu, labda ilimlipa kidogo, labda naye alihamia kwenye kitu kipya. Muda wa mwaka wake ulipita hakuilipia. Niliijua siku ya kuachiliwa kwa makadirio, siyo kwa saa, basi nilikaa mbele ya kompyuta siku tatu mfululizo, nikila mihogo ya kukaanga hapo hapo. Siku ya tatu, kama saa nne asubuhi, ikawa huru. Niliichukua nikaandikisha jina kamili la mama kama mwenye mali. Nikafuta kila kitu kilichokuwamo. Ukurasa ukabaki mweupe, na niliutazama ule weupe kwa muda, nikisubiri uandike kitu. Haukuandika.

Sikumpigia simu. Nilipanda mwenyewe kumwambia.

Nilimkuta jikoni, anakaanga. Sufuria ya chuma juu ya mafiga matatu, mwiko mkononi, moshi umejaa mpaka darini. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda alichonisogezea kwa mguu.

"Kimerudi, Mama. Kimeandikwa jina lako."

"Na yule?"

"Hayupo. Pamenyamaza kabisa."

Aliendelea kukoroga. Punje zilikuwa zinaanza kupasuka moja moja.

"Sasa pale pakae nini?" akauliza.

"Utakavyo wewe. Tunaweza kupaelekeza kwenye ile mpya, kama zamani. Au tuandike tu kwamba mzee alifariki, na shamba lipo, karibuni."

"Hiyo ya pili." Akageuza kahawa kutoka chini. "Na yale maneno. Ya sufuria."

Nilijua atauliza. Nilikuwa nimelijua swali hili tangu siku ile barazani, tangu alipogeuza viganja vyake, na ndilo lililokuwa likinitoa jasho kuliko mashine.

"Yale alikwambia yeye mwenyewe? Au ni ya yule aliyeichukua?"

"Siyo ya yule, Mama. Yalikuwapo tangu mwanzo."

"Basi aliyasema yeye."

Siku nilipokwenda kumhoji mzee kwa ajili ya tovuti, alinijibu ndiyo na hapana kwa saa nzima, mwisho akasema, "Wewe andika unavyoona, mwanangu." Nikarudi mjini nikaandika. Sentensi ya sufuria niliitunga kwa dakika tano, kwa sababu wageni wanapenda wazee wanaopendana, na niliridhika nayo sana. Ile mashine iliyomtia meno haikuwa ya kwanza. Mimi niliwahi kumtia maneno, na nilikuwa nimekuja pale nimejiandaa kusema kweli. Njia nzima nilirudiarudia namna ya kuisema.

Akageuka kunitazama. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi.

"Alisema yeye, Mama," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole kukubali. Akaepua sufuria, akaimwaga kahawa kwenye ungo, akaanza kuipepeta ipoe, na maganda mepesi yakaruka yakatua kwenye magoti yangu.

"Yarudishe pale," akasema. "Hayo usiyafute."

"Nitayarudisha."

Alipepeta mpaka punje zikaacha kutoa moshi. Kisha akaweka ungo chini, akakaa, akaongea bila hasira yoyote.

"Ungeniambia yeye akiwa hai. Na mimi nilikuwa na la kumjibu."